Alama za Mwimo wa Bi Somoe

Kifuniko cha mtungi kiligonga mara moja, kikanyamaza. Jogoo alikuwa hajawika bado. Bi Somoe alifumbua macho gizani akangoja, kama mtu anayemsikilizia mgonjwa wa chumba cha pili kama atakohoa tena. Kikagonga tena, polepole, kama kijiko ndani ya kikombe cha mtu asiye na haraka.

Katika Bonde la Chini kila nyumba ilikuwa na mtungi uliozikwa nusu kwenye kona ya chumba cha kulala. Haukuwa mtungi wa kunywea. Huo ulikaa ukumbini kama mitungi ya watu wote. Huu wa chumbani ulikuwa mtupu, na kazi yake ilikuwa moja tu. Ardhi ya chini ya nyumba ikianza kulowa, mtungi hulegea mahali pake, huinama kidogo, na kifuniko chake cha udongo huteleza na kugonga mdomo. Watu wa bondeni waliweza kulala katikati ya ngurumo, mbwa na ugomvi wa majirani, lakini kwa mlio huo hata mtoto mchanga aliamka.

"Nimekusikia," Bi Somoe aliuambia mtungi. "Ningoje basi nimalize kuuza nyumba."

Alikuwa mjane, magoti yamemchoka, na nyumba ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Binti yake Mize, aliyeolewa huko Mwinukoni, alikuwa amemwandalia chumba: godoro la sufi, na dirisha linalopokea jua la asubuhi, kwa kuwa mama yake alipenda kuchambua mchele kwenye mwanga. Kila aliyeshuka kutoka Mwinukoni alileta habari za chumba hicho. Bi Somoe hakuwa amekiona, lakini tayari alijua mahali atakapotundika kofia ya marehemu mumewe.

Iliyobaki ilikuwa Serikali.

*

Nchi yao iliitwa Kaukavu, jina lililotolewa zamani na watu waliopita huko wakati wa kiangazi. Serikali ya Kaukavu iliwapenda wananchi wake kupita kiasi, na jambo ambalo haikuweza kulivumilia ni kuwaona wana hofu.

Mwaka mmoja Mto Mlela uliingia mjini siku ya Sherehe za Taifa, ukaondoka na jukwaa, mazulia na viti vya wageni rasmi. Serikali haikuukasirikia. Iliuita ujieleze mbele ya kamati, ukakosa kuhudhuria. Ukaitwa tena, ukakosa tena. Basi ukavuliwa cheo. Tangu siku hiyo haukuwa mto. Ulikuwa Kijito cha Daraja la Pili, na kijito cha daraja la pili, kwa mujibu wa kanuni, hakiruhusiwi kupita magoti ya mtu mzima. Tangazo la kuushusha cheo lilipigiliwa kwenye mti wa ukingoni. Masika yaliyofuata mti ule ulikwenda, pamoja na tangazo lake, pamoja na ukingo wenyewe.

Ndipo Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipotunga Sheria ya Ukweli wa Nyumba. Ilikuwa sheria nzuri, na Bi Somoe alipoisikia redioni alimwombea dua aliyeitunga. Ilisema mtu asiuze nyumba kabla ya kumweleza mnunuzi maradhi yake yote: paa linalovuja, boriti zenye mchwa, na maji, kama yanaingia.

Watu wa bondeni hawakuona jipya. Wao walikuwa na desturi yao ya tangu mababu, waliyoiita kusoma mwimo. Kwenye mwimo wa mlango wa mbele, ule mti wa kulia unaoshika bawaba, kila familia ilichonga alama kwa kisu. Mtoto akitimiza mwaka alisimamishwa pale, kisu kikapitishwa juu ya utosi wake. Na kila maji yalipoingia na kutoka, kisu kilekile kilichonga mahali yalipofika. Majina hayakuandikwa, mwenye nyumba ndiye aliyeyajua. Siku ya kuuza, muuzaji alimsimamisha mnunuzi mlangoni, akapitisha kidole kutoka chini kwenda juu, akasoma: huyu ni binti yangu alipoanza kutembea, haya ni maji ya mwaka wa nzige, huyu ni binti yangu tena, amerefuka, haya ni maji ya mwaka wa harusi ya shangazi. Mnunuzi akisikia yote na bado akaitaka nyumba, walikula wali pamoja, mambo yakaisha.

Lakini sheria ile nzuri haikuachwa peke yake. Ilitungiwa kanuni.

Kanuni ya kwanza ilieleza kwamba ukweli ni mali ya thamani na hauwezi kuachwa ovyo mikononi mwa kila mtu. Kwa hiyo utasemwa na mtumishi mwenye sifa, atakayeitwa Mkweli wa Wilaya. Kazi ya muuzaji itakuwa kuhudhuria na kuitikia.

Kanuni ya pili ilitokana na utafiti wa Daktari wa Taifa. Daktari alizunguka bondeni kiangazi kizima akipima miimo, akagundua jambo lililokuwa mbele ya macho ya watu miaka yote: katika kila nyumba, maji yalikuwa yamefika kwenye alama barabara, bila kupungua wala kuzidi. Hakukuwa na hata nyumba moja ambayo alama ilikuwa hapa na maji yakaishia pale. Basi ikathibitika kwamba alama ndizo zinazoyaita maji. Zikifutwa, maji hayatajua pa kufika. Daktari alivishwa nishani, akazawadiwa nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa Mwinukoni.

Kanuni ya tatu ilikuwa fupi. Mtu atakayetamka kwamba nyumba yake inaingia maji atahesabiwa kuwa anaipenda mno na moyoni hataki kuiuza; na Serikali, kwa huruma, itamwamuru aishi humo maisha yake yote. Na yeyote atakayempa malazi kwingine, nyumba yake nayo itahesabiwa kuwa ya maji, hata kama iko juu ya mlima.

Bi Somoe alisomewa kanuni hiyo na jirani, akauliza isomwe tena, kisha akashukuru akaenda kuchemsha chai.

*

Mkweli wa Wilaya, Mheshimiwa Mkadara, alikuja kuikagua nyumba akiwa na fundi wa kupaka chokaa na seremala mwenye randa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Jua lilikuwa kali na njia ilijaa vumbi, naye alivaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Watumishi wote wa wilaya walivaa hivyo mwaka mzima, ilikuwa itifaki. Ofisi yao ilisimama juu ya nguzo ndefu, kwa sababu ya upepo, na juu ya paa lake ulifungwa mtumbwi mkubwa wenye makafi yake, umepakwa rangi za bendera, kwa sababu ya urembo.

Bi Somoe aliona kwamba kabla ya kuingia Mkweli alikung'uta mabuti yake, na kwamba alimzunguka kwa mbali kuku aliyekuwa akiatamia kwenye pembe ya baraza. Tena alikuwa amemletea sukari kwenye karatasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona unatoka jasho hivyo? Vua hayo mabuti miguu ipate hewa."

"Hairuhusiwi, Bibi. Tunayavua tukishapanda ngazi za ofisi."

Mpaka chokaa alifanya kazi yake vizuri. Mistari ya kahawia iliyozunguka kuta, mmoja juu ya mwingine kama pindo za kanga, ikapotea. Alipomaliza, chumba kilikuwa cheupe kama sanda mpya. Bi Somoe alimpa maji ya kunawa, akamwambia mkono wake ni mzuri, kwa kuwa ulikuwa mzuri kweli.

Ikabaki kazi ya seremala. Alisimama mbele ya mwimo na randa yake, akamtazama mkubwa wake.

"Hizi hapa," Mkweli alisema, akiupapasa mwimo. "Zipi za watoto, na zipi za hali ya hewa?"

"Unauliza za nini, mwanangu?"

"Serikali haina ugomvi na watoto, Bibi. Za watoto zitabaki. Hizo nyingine fundi atazipiga randa."

Bi Somoe aliutazama mwimo. Mize alikuwa pale tangu chini hadi usawa wa bega la mama yake. Kibwana, kaka yake Mize, alikuwa pale kidogo tu, alama chache za chini. Na katikati yao na juu yao yalikuwa maji. Akiyaonyesha, randa itapita, na mwimo utabaki laini, na mtu mwingine atakayesimama pale hataambiwa kitu.

"Wote hawa ni watoto wangu," alisema.

Mkweli alizifuata alama kwa macho, kutoka chini kwenda juu. Ile ya mwisho ilikuwa juu ya kofia yake. Ilimbidi anyooshe mkono na kusimama kwa ncha za vidole ili aiguse.

"Huyu wa juu alirefuka sana," alisema taratibu.

"Alikuwa hashikiki."

Mkweli aliinamisha kichwa, akayatazama mabuti yake kwa muda mrefu. Seremala alikohoa.

"Mungu awakuze," Mkweli alisema mwishowe. "Fundi, funga randa yako. Hapa hakuna kazi."

*

Wanunuzi walikuwa Sadala, fundi wa baiskeli, mkewe Tausi, na binti yao mdogo aliyeitwa Mashavu. Walitoka Nyika ya Juu, ambako mtu akiona wingu huwaita majirani waje walitazame. Sadala alikuwa na ndoto moja tu, mwanawe akue akisikia maji yanapita.

Waliruhusiwa kukaa na Bi Somoe wakingoja siku ya Tamko, ambayo Mkweli angeusema ukweli wa nyumba. Siku ya kwanza Tausi alimkuta bibi kizee ameinamia ungo wa mchele. Alikaa chini akauchukua ungo bila kusema neno, akaumaliza. Siku nyingine alikunja kanga yake mwenyewe akaiweka chini ya goti la Bi Somoe lililokuwa likiuma, kisha akaendelea na mazungumzo kana kwamba hakufanya kitu. Bi Somoe aliyaona yote hayo. Afadhali wangekuwa watu wabaya, alifikiri. Kazi ingekuwa nyepesi.

Mashavu alikwenda mtoni akarudi pindo la gauni likidondoka maji.

"Bibi, maji yanatembea."

"Yanatembea, mama."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwa leo yanakwenda zao."

Kila alfajiri kifuniko kiligonga, na kila alfajiri kiligonga zaidi kuliko jana yake. Sadala alipouliza, Bi Somoe alisema ni mtungi wa kizamani una tabia zake. Halafu walikuja sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa sakafu wakiwa wamebeba mayai yao meupe, wakapanda ukuta mpya wa chokaa kwa msururu mmoja mweusi hadi kwenye boriti.

"Hawa wanafanya nini, Bibi?" Sadala aliuliza, akiwatazama kwa furaha, kwa kuwa kwao hata sisimizi walikuwa wachache.

"Wanahama."

"Wanahamia wapi?"

"Juu."

Wake wa wakubwa wa wilaya nao walikuwa wamepanda Mwinukoni kubadilisha hewa, na watoto wao, na mbuzi wao wa maziwa. Gari la ofisi liliwapeleka likarudi tupu. Redio ilisema mwaka huo mvua zitakuwa za kiungwana.

Kila asubuhi Bi Somoe alikusudia kusema. Alimimina chai, akafungua mdomo, akakiona chumba cha Mize, na jua limeingia dirishani, na ungo wa mchele ukiwa magotini mwake. Akafunga mdomo. Labda mwaka huu hayataingia, alijiambia. Labda Daktari amesema kweli, na zile za ukutani zimefutwa, maji yatatangatanga huko nje yakose mlango. Alikuwa karibu kuamini. Mtu mzee aliyechoka magoti anaweza kuamini mambo mengi akipewa dirisha.

*

Siku ya Tamko wimbo wa Taifa uliimbwa mbele ya nyumba, beti zake fupi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mwinuko tangu asubuhi, meusi kama masizi ya sufuria, ingawa bondeni jua lilikuwa bado linawaka. Mkweli wa Wilaya alisimama juu ya kigoda. Sadala na Tausi walikaa kwenye mkeka, wamevaa nguo zao nzuri. Mpaka chokaa na seremala walikuwa mashahidi.

"Kwa idhini ya Mlezi wa Taifa," Mkweli alianza, "mimi, nikiwa na sifa zote za kusema kweli, natamka ukweli kamili wa nyumba hii. Nyumba hii ni ya maadili mema. Imeelekea mashariki, kama Taifa linavyoelekea. Kuta zake ni nyeupe na hazijawahi kutoa neno la kuvunja moyo. Paa lake liko juu, sakafu yake iko chini, na kati ya hivyo viwili hakuna mgogoro. Nyumba hii iko karibu na maji, lakini maji hayako karibu nayo. Kijito cha Daraja la Pili kimeelezwa mipaka yake na hakijakata rufaa. Huo ndio ukweli, na umekwisha."

Aligeuka kwa Bi Somoe. Sauti yake ikashuka. "Sema naam, Bibi. Neno moja tu, kisha ukapumzike kwa Mize."

Bi Somoe alinyanyuka. Neno lilikuwa tayari ulimini. Mizigo yake ilikuwa imefungwa, na kofia ya mumewe ilikuwa juu ya mizigo.

Mashavu alikuwa amechoka kusikiliza. Alikuwa ameuegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango, visigino vimebana mti, mikono ubavuni, kidevu juu.

"Bibi, uliniahidi utanipima."

Watu wakacheka. Hata Mkweli alitabasamu, kwa kuwa alikuwa baba wa watu. "Mpime, Bibi," alisema. "Mtoto wa nyumba apate alama yake. Serikali haina ugomvi na watoto."

Bi Somoe alichukua kisu akakipitisha juu ya utosi wa Mashavu. Akakandamiza. Kisu hakikupata mti mpya. Kilizama ndani ya alama ya zamani iliyokuwa pale tayari, alama ya mwisho ya Kibwana, kikatulia humo kama kimerudi nyumbani.

Mashavu aligeuka kutazama alipofika. Kisha akainua kidole juu zaidi, kwenye alama iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Na huyu aliyenipita ni nani?"

Ndani ya chumba cha kulala, mchana kweupe, kifuniko cha mtungi kiligonga. Hakijawahi kugonga mchana.

"Huyo si mtu, mama," Bi Somoe alisema. "Tausi, mwanangu, njoo usimame hapa. Na mumeo aje. Niwasomee."

"Bibi," Mkweli alisema.

"Subiri kidogo, mwanangu. Haichukui muda."

Aliweka kidole chini kabisa. "Huyu ni Mize, alipoacha kutambaa. Huyu ni Kibwana, mwanangu wa kwanza. Haya ni maji. Yalifika hapa, tukayapiga fagio yakatoka. Huyu Mize. Huyu ni Kibwana tena, alikuwa na kimo hikihiki cha Mashavu, hata mashavu yake yalikuwa namna hii. Na haya yaliyompita kichwa ni maji ya masika ya mwaka uleule. Yalikuja alfajiri. Mimi nilikuwa uani nawasha moto, nikasikia kifuniko, nikasema nipulize kidogo ushike. Yalimkuta amelala." Kidole kikaendelea kupanda. "Huyu Mize. Huyu Mize. Na haya ya juu, ambayo Mheshimiwa aliyagusa, ni ya karibuni. Ni ya mwaka ule Kijito kilipopewa cheo chake. Nilikaa kwenye boriti na kuku wangu. Sasa mmesikia yote."

Tausi alikuwa amemvuta Mashavu akamkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

Mkweli wa Wilaya alishuka kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayeshuka mahali parefu.

"Bibi, umesema ukweli mbele ya Mkweli. Unajua huko ni kuingilia kazi ya mtumishi wa umma?"

"Najua, mwanangu. Niwie radhi."

"Mimi nilikuwa nimeshaumaliza. Uliusikia, nilisema umekwisha."

"Ulisoma vizuri sana."

Sadala aliruka. "Mheshimiwa, sisi hatukusikia kitu. Mimi nilikuwa namwangalia kuku."

"Hata mimi nilikuwa namwangalia kuku," alisema Tausi, machozi yakimtiririka.

"Yule kuku anavutia kweli," seremala alisema kwa sauti nzito.

Mkweli aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukaanza kupata nafuu. Angeweza kusema hakuna aliyesikia. Kanuni ilitaka mashahidi.

"Mimi nimesikia," Mashavu alisema. "Bibi amesema ni maji."

Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa mtoto, na hakuwa na sifa za kusema kweli, lakini alikuwa ameisema hadharani, na mpaka chokaa alikuwa mgeni wilayani ambaye hakujulikana anaripoti kwa nani. Mkweli alivaa miwani akasoma kanuni ya tatu. Ilikuwa fupi, lakini alikwama katikati akarudia mwanzo. Alipofika kwenye maneno "kwa huruma" alilazimika kupenga kamasi.

Askari wa kuhakikisha kwamba Bi Somoe hatoki aliteuliwa siku ileile. Alipangiwa lindo lake Mwinukoni, akapewa darubini, kwa kuwa bondeni si pazuri kwa afya ya askari.

*

"Nendeni kwa Mize," Bi Somoe aliwaambia. "Ana chumba kitupu. Kina godoro la sufi. Mwambieni nimewaazima."

"Na wewe, Bibi?" Sadala aliuliza.

"Mimi nina nyumba. Nimepewa na Serikali, maisha yangu yote."

Sadala hakuondoka siku hiyo. Alipanda kwenye boriti akafunga dari la miti, mahali pa kulala mtu mmoja na jiko dogo, akatengeneza na ngazi yenye vipawa vya kukanyagia vilivyo karibukaribu kwa ajili ya magoti. Alasiri seremala wa Serikali alitokea na mbao ambazo hakusema zimetoka wapi. Alifungua randa yake akalainisha kila kipawa cha ngazi, kimoja baada ya kingine, akivipapasa kwa kiganja visimchome bibi mguuni. Tausi alipandisha juu mchele, mafuta, kiberiti kwenye chupa iliyozibwa, na kanga yake ya goti.

Mkweli wa Wilaya alipita jua likizama. Alisema amesahau kigoda chake, ingawa kigoda alikuwa ameondoka nacho. Alisimama barazani kidogo, akamsifu kuku, akaaga. Alipokwisha kwenda, walikuta mabuti yake ya mpira mlangoni, yamepangwa pamoja, yamefutwa vumbi. Alionekana kwa mbali akitembea peku kuelekea ofisi yenye nguzo, suruali ameikunja, na nyayo zake nyuma yake zilikuwa zinajaa maji.

Asubuhi ilikuja bila jua. Mvua ilikuwa bado iko Mwinukoni. Bondeni palikuwa kimya, na mto ulikuwa umebadilika sauti. Zamani ulinong'ona. Sasa ulikuwa kama watu wengi wanaobeba kitu kizito, wakiwa wamenyamaza ili wasipoteze pumzi.

Sadala alifunga mizigo kwenye baiskeli. Bi Somoe aliwapa kuku na mayai yake ndani ya kikapu chenye majani makavu, akawapa na kofia ya mumewe.

"Itundikeni karibu na dirisha," alisema. "Upande jua linapoingia."

Alisimama mlangoni, amevaa mabuti ya Mheshimiwa, makubwa mno, kanga ameikunja ndani yake. Mashavu alimcheka. Bi Somoe naye akacheka. Ndani, kifuniko kilikuwa kinagonga bila kupumzika, kama meno ya mtu mwenye homa.

Tausi alimshika mkono asiuachie. "Bibi, tutakuombea. Tutamwambia Mize."

"Mwambieni nimeshiba na sina baridi. Nendeni sasa, njia ya daraja ingali kavu."

Walipofika kwenye kona Sadala alisimamisha baiskeli wakageuka wote watatu kumpungia. Bi Somoe aliweka kiganja kwenye mwimo, juu ya alama ya juu kabisa, au karibu nayo, kadiri mkono wake ulivyofika.

"Mje tena kunitembelea," aliwaambia kwa sauti ya kuwafikia. "Mleteni Mashavu nimpime, atakuwa amerefuka. Msije masika, mje kiangazi. Na mkifika, tazameni mwimo kwanza. Mkiona pana alama mpya, ni mimi niliyeichonga. Bisheni hodi, nitakuwa nimepika."